Mawe ya Mirihi: yaletwe duniani au yasomwe huko huko?

Ndani ya kigari cha utafiti kiitwacho Perseverance, kinachotembea kwenye kingo za kreta ya Jezero (shimo kubwa lililochimbwa na kimondo) katika sayari ya Mirihi, kuna mirija ya titani iliyofungwa kwa uangalifu mkubwa. Katika mingi ya mirija hiyo kuna kipande cha mwamba chenye unene wa milimita 13 na urefu wa sentimita sita hivi, yaani kama kipande cha chaki. Kufikia Septemba 2025 kigari hicho kilikuwa kimekata vipande 27 vya namna hiyo, na vyote vilikatwa kwa kusudi moja: viletwe duniani, vipasuliwe na kupimwa maabarani. Hata hivyo chombo cha kwenda kuvichukua hakijaundwa, na mapema mwaka 2026 Bunge la Marekani lilipitisha bajeti isiyougharimia tena mpango uliokuwapo wa kuvirudisha. Swali lililobaki mezani ni kama kuna haja ya kutumia mabilioni ya dola kuyafuata mawe hayo, au kama sayari hiyo iendelee kuchunguzwa papo hapo kwa vyombo ambavyo uwezo wake unazidi kukua. Mimi naamini mawe hayo yanastahili kufuatwa. Lakini wanaopinga wana hoja ambazo watetezi wa mpango huo wamezijibu kwa wepesi mno, na zinastahili kupimwa kwa haki.

Ugumu wa jambo hili unaanzia kwenye sayari yenyewe. Kipenyo cha Mirihi ni takriban nusu ya kile cha Dunia, na nguvu yake ya uvutano ni asilimia 38 tu ya hii tuliyoizoea. Asilimia 95 ya hewa yake ni hewa ya ukaa, na mgandamizo wake haufiki asilimia moja ya mgandamizo wa hewa ya kwetu. Hewa hiyo ni nyembamba mno kukishusha chombo kizito salama kwa mwavuli peke yake, lakini inatosha kukiunguza kinapoingia kwa kasi bila ngao. Maji hayawezi kudumu wazi juu ya uso huo. Huganda au hugeuka mvuke. Picha zinazosambazwa sana ni za mlima Olympus Mons, wenye kimo cha takriban kilomita 22, na za bonde la Valles Marineris, lenye urefu wa kilomita zipatazo 4,000. Kwa mtu anayetafuta dalili za uhai wa kale, maajabu hayo mawili yana faida ndogo kuliko tope lililokauka. Ndiyo maana kigari kilipelekwa Jezero, kreta yenye upana wa kilomita 45 ambayo ilipata kuwa ziwa. Zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita mto uliingia humo ukamwaga mchanga na tope, ukajenga delta ambayo umbo lake bado linaonekana kutoka angani. Duniani miamba ya umri huo imebaki michache sana, kwa kuwa mabamba ya ardhi yetu husogea, huzama na kuyeyushwa, na ile inayosalia hukwanguliwa na mvua. Mirihi haina mabamba yanayosogea hivyo, na mito yake ilikauka kitambo, kwa hiyo sehemu ya historia ambayo Dunia imeipoteza bado imelala juu ya uso wake.

Mpango wa awali wa kurudisha sampuli ulikuwa wa ubia kati ya Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, na lile la Ulaya, ESA. Perseverance, kilichorushwa Julai 30, 2020 na kutua Februari 18, 2021, kingekusanya sampuli. Chombo cha pili kingetua jirani nacho kikiwa na roketi ndogo yenye urefu wa mita tatu hivi. Roketi hiyo ingeipandisha mirija hadi kwenye mzunguko wa Mirihi, ambako chombo cha Ulaya kingeidaka na kuanza safari ya kurudi, hadi kapsuli iangushwe katika jangwa la Utah. Hakuna roketi iliyowahi kurushwa kutoka kwenye uso wa sayari nyingine, wala mzigo uliowahi kudakwa katika mzunguko wa sayari nyingine, na kila hatua ambayo haijawahi kufanywa ina bei yake. Septemba 2023 jopo huru la mapitio lililoongozwa na Orlando Figueroa lilieleza kwamba gharama ingekuwa kati ya dola bilioni 8 na 11. Aprili 2024 mkuu wa NASA wa wakati huo, Bill Nelson, alitamka hadharani kwamba dola bilioni 11 ni ghali mno, na kwamba mwaka 2040, ambao ndio sampuli zingefika, uko mbali mno. Januari 2025 yakatolewa mapendekezo mawili mapya, yenye gharama ya kati ya dola bilioni 5.8 na 7.7, sampuli zikitarajiwa kufika kati ya mwaka 2035 na 2039. Miezi michache baadaye serikali mpya ya Marekani ikapendekeza mpango wote ufutwe.

Suala la fedha haliepukiki, na wanaopinga wana haki ya kuanza nalo. Bajeti nzima ya NASA ya kuchunguza sayari ni takriban dola bilioni 2.7 kwa mwaka. Fedha hiyo ndiyo inayogharimia vyombo vya kwenda Mshtarii, Zuhura na miezi ya Zohali, pamoja na wanasayansi wanaozichambua data zinazorudi. Mradi mmoja wa dola bilioni 11 ni sawa na kuichukua bajeti hiyo yote kwa miaka minne. Athari zilianza kuonekana hata kabla ya chombo chochote kuundwa: Februari 2024 maabara ya JPL huko California, iliyokuwa ikiuongoza mpango huo, iliwaachisha kazi watu wapatao 530, asilimia nane ya wafanyakazi wake, kwa sababu haikujua ingepata fedha kiasi gani. Mtu anayesema kwamba maarifa hayana bei hana budi kuwaeleza watu hao, na wale waliotumia miaka mingi kuandaa safari za sayari nyingine, kwa nini mawe ya kreta moja yatangulie kila kitu.

Kuna pingamizi jingine ambalo naliona lina nguvu zaidi kuliko la fedha, ingawa husikika mara chache. Mirihi haina ngao ya sumaku kama ya Dunia, na hewa yake nyembamba haiwezi kuzuia mionzi itokayo angani. Kwa mamilioni ya miaka mionzi hiyo imekuwa ikizivunja molekuli za kikaboni, ambazo ndizo zingebeba dalili za uhai, katika mita moja au mbili za juu za ardhi. Vipande vya Perseverance vimekatwa juu juu, sentimita chache tu kutoka kwenye uso wa mwamba. Kwa upande wake, ESA inaandaa kigari kiitwacho Rosalind Franklin, kinachotarajiwa kurushwa mwaka 2028, chenye uwezo wa kuchimba hadi mita mbili na kukichambua papo hapo kile kinachotoka chini. Aidha, kigari cha Curiosity, kilichotua katika kreta ya Gale mwaka 2012, kina maabara ndogo tumboni ambayo bado inazaa matunda: mwaka 2025 watafiti walitangaza kwamba mnyororo mrefu wa kaboni, wenye atomi kumi hadi kumi na mbili, umeonekana katika unga wa mwamba uliochimbwa mwaka 2013. Wanaopinga wanauliza, na ni haki yao kuuliza: kama maabara ya kwenye magurudumu inaweza kufanya hayo, na kama dalili nzuri zaidi zimefukiwa kwenye kina cha mita mbili hivi, kwa nini mabilioni yatumike kuleta vipande vya juu?

Jibu langu linaanzia mwaka 1976. Mwaka huo Marekani ilitua Mirihi kwa vyombo viwili vya Viking, ambavyo vilipelekwa kutafuta uhai moja kwa moja. Katika jaribio mojawapo udongo ulimwagiwa maji yenye virutubishi vilivyotiwa kaboni ya mionzi, ili kama kuna vijiumbe vinavyokula, gesi yenye kaboni hiyo itoke. Gesi ilitoka. Lakini kifaa kingine, kilichoupasha moto udongo ule ule ili kutafuta molekuli za kikaboni, hakikuona cha maana, na wengi wakahitimisha kwamba gesi ile ilitokana na kemia ya udongo tu. Ilipofika mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikagundua kwamba udongo wa Mirihi una chumvi ziitwazo perklorati, ambazo zikipashwa moto huziteketeza molekuli za kikaboni. Maana yake ni kwamba kile kifaa cha pili huenda kilikuwa kikiunguza kile kile kilichotumwa kukitafuta. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kulijua hilo, na mabishano juu ya Viking hayajafungwa hadi leo. Chombo kinachotumwa mbali hujibu swali walilolifikiria wahandisi miaka kadhaa kabla ya safari. Likitokea jambo wasilolitarajia, hakina namna ya kubadilisha mbinu, na anayetaka kuuliza upya hulazimika kupanga safari nyingine. Udongo ule ungekuwa maabarani, perklorati ingegunduliwa mapema zaidi, na jaribio lingerudiwa kwa njia isiyohitaji moto.

Hali hiyo inajirudia sasa, na safari hii jiwe lina jina. Julai 2024, katika bonde la kale la mto ulioingia Jezero, Perseverance kiliufikia mwamba uliopewa jina la Cheyava Falls, wenye urefu wa takriban mita moja na upana wa sentimita 60. Ni tope lililoganda, lenye rangi nyekundu, lililokatwa na mishipa myeupe ya salfeti ya kalsiamu, ambayo yenyewe ni ushahidi kwamba maji yalipita katika nyufa zake. Kati ya mishipa hiyo kuna madoa meupe ya milimita chache yenye ukingo mweusi, ambayo wanasayansi wenyewe huyaita madoa ya chui. Vifaa vya kigari vilionyesha kwamba kingo hizo zina chuma na fosfeti, na kwamba ndani ya miamba hiyo yapo madini mawili yanayofanana na vivianaiti na greigaiti, pamoja na kaboni ya kikaboni. Duniani madini hayo hujitokeza mara nyingi kwenye tope lisilo na oksijeni, pale vijiumbe vinapokula mabaki ya viumbe na kutumia chuma na salfeti badala ya hewa. Yanaweza pia kutokea bila uhai, hasa penye joto kali, lakini mwamba huu hauonyeshi dalili ya kupikwa. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature Septemba 10, 2025, na kundi lililoongozwa na Joel Hurowitz wa Chuo Kikuu cha Stony Brook. Waandishi walijizuia kwa namna ya kuheshimika: walisema tu kwamba huenda hiyo ni alama ya uhai, na kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Utafiti huo zaidi hauwezi kufanywa na kigari. Kipande kilichokatwa hapo, kiitwacho Sapphire Canyon, kinapaswa kukatwa vipande vyembamba kuliko unywele ili kingo zile zitazamwe kwa hadubini ya elektroni. Isotopu za salfa na za chuma, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, zinapaswa kupimwa katika kila doa, kwa kuwa vijiumbe hupendelea isotopu nyepesi na huacha uwiano usio wa kawaida. Baadhi ya vipimo hivyo huhitaji mashine za miale zenye mzingo wa mamia ya mita, ambazo hakuna roketi ya kuzibeba. Kigari kimefika mwisho wa uwezo wake mbele ya jiwe hilo. Kimeuliza kila kinachoweza kuuliza, na jibu limebaki katikati. Naona ni vigumu mno kukubali kwamba tuliache hapo.

Ila wanaopinga wana jibu, na ni jibu zuri. Wanatukumbusha kimondo cha ALH84001, chenye uzito wa takriban kilo mbili, kilichookotwa Antaktika mwaka 1984 na kutambuliwa baadaye kuwa kilitoka Mirihi. Agosti 1996 wanasayansi wa NASA walitangaza kwamba ndani yake wameona dalili zinazoweza kuwa za vijiumbe vya kale, na Rais Bill Clinton mwenyewe akalizungumzia jambo hilo mbele ya waandishi wa habari. Jiwe lilikuwa mkononi, katika maabara bora za dunia, na bado ubishi haukwisha kwa miaka. Taratibu wengi wakaridhika kwamba kila dalili ina maelezo yasiyohitaji uhai. Kwa hiyo anayewaahidi walipa kodi kwamba mirija ya Jezero italimaliza swali la uhai anaahidi kisicho chake. Hilo nalikubali bila masharti, na nadhani watetezi wa mpango huu wamejidhuru kwa kuliahidi mara kwa mara. Hata hivyo ALH84001 ilikuwa na udhaifu ambao Sapphire Canyon haina. Hakuna anayejua ilichomoka wapi kwenye sayari ile, iling'olewa kwa kishindo cha kimondo kingine, na baada ya kuanguka ililala katika barafu ya Dunia kwa takriban miaka 13,000. Jiwe la Jezero tunajua lilikatwa wapi, limepigwa picha kila upande, na majirani zake wamepimwa.

Katika kelele za uhai kuna hoja moja inayosahauliwa, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: umri. Tunapoambiwa kwamba ziwa la Jezero lilikuwapo zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita, tarakimu hiyo haikusomwa kwenye jiwe lolote. Ilipatikana kwa kuhesabu kreta, kwa kuwa uso uliokaa muda mrefu zaidi umepigwa na vimondo vingi zaidi. Ili kugeuza idadi ya kreta kuwa miaka, wataalamu hutegemea Mwezi, ambako wanaanga wa Apollo walikusanya kilo 382 za mawe na udongo kati ya mwaka 1969 na 1972, na vyombo vya Luna vya Urusi ya Kisovieti vikaongeza gramu 300 hivi. Mawe hayo yalipimwa umri maabarani, kisha umri huo ukalinganishwa na idadi ya kreta mahali yalipotoka. Kanuni iliyopatikana Mwezini ndiyo inayohamishiwa Mirihi, kwa kukisia ni kwa kiasi gani Mirihi ilipigwa zaidi. Makosa yake yanaweza kufika mamia ya mamilioni ya miaka, na kwa nyuso za umri wa kati hata zaidi ya hapo. Curiosity kilijaribu kupima umri papo hapo mwaka 2013 kwa njia ya potasiamu na argoni, kikapata miaka bilioni 4.21, ikiwa na uwezekano wa kukosea kwa miaka milioni 350 kila upande. Ilikuwa kazi ya kupongezwa sana. Lakini upana huo wa miaka milioni 700 ni mkubwa kuliko muda wote ambao wanyama wanaonekana katika visukuku vya Dunia. Sakafu ya Jezero ni ya miamba ya volkeno, na Perseverance kilishaikata mwaka 2021 na 2022. Kipande kimoja cha sakafu hiyo kikipimwa vizuri maabarani kingeweza kutoa umri wenye kosa dogo mno kuliko hilo, na kwa umri huo kanuni yote ya kreta za Mirihi ingerekebishwa kwa mara ya kwanza. Faida hiyo haitegemei bahati. Hata kama Sapphire Canyon itageuka kuwa kemia tupu, umri wa sakafu ya Jezero utabaki.

Wengine husema mawe ya Mirihi tunayo tayari, tena yamekuja bure. Ni kweli. Oktoba 1962 mkulima mmoja wa Zagami, kaskazini mwa Nigeria, alikuwa akifukuza kunguru katika shamba lake la mahindi aliposikia mshindo mkubwa, na jiwe lenye uzito wa kilo 18 likachimba shimo hatua chache kutoka aliposimama. Baadaye likajulikana kuwa limetoka Mirihi. Jangwa la Sahara limetoa mengine mengi, likiwemo moja la Niger lenye uzito wa kilo 24.67, ambalo Julai 2025 liliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 5.3, na serikali ya Niger ikaanza kuchunguza lilivyotoka nchini. Oman nayo imetoa kimondo cha Sayh al Uhaymir 008, kilichookotwa mwaka 1999, ambacho kipande chake kilifungwa kwenye Perseverance ili kusaidia kurekebisha kifaa kimojawapo, kwa hiyo kikarudi kwao. (Kimondo cha Mbozi, ambacho wasomaji wengi wa Tanzania wanakifahamu, ni cha chuma na hakihusiki na Mirihi.) Vimondo hivi vimetufundisha mengi kuhusu volkeno za sayari ile. Lakini karibu vyote ni miamba ya moto, migumu kiasi cha kustahimili kurushwa angani na kuanguka tena. Tope laini la ziwani, ambalo ndilo lingehifadhi dalili za uhai, halijawahi kutufikia kwa njia hiyo, na hakuna kimondo hata kimoja kinachojulikana kwa hakika kilitoka mahali gani. Bila mahali, umri wake hauwezi kurekebisha hesabu ya kreta.

Kuhusu usalama, sipendi namna pande zote mbili zinavyolizungumzia. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unazitaka nchi ziepuke kuleta madhara kwenye mazingira ya Dunia kwa vitu vitokavyo angani, na wapo watu wanaoogopa kwa dhati kwamba kijidudu kisichojulikana kinaweza kutoroka. Watetezi hujibu kwamba mawe ya Mirihi yamekuwa yakituangukia tangu zamani bila madhara, na kwamba ndani ya ALH84001 joto halikupita nyuzi 40 za Selsiasi katika safari yake, kwa hiyo kama kungekuwa na mgeni angeshafika. Jibu hilo lina uzito, ila halikamiliki, kwa sababu vimondo hukaa angani kwa muda mrefu sana vikipigwa na mionzi, ilhali mrija uliofungwa ungesafiri kwa miaka michache tu ukiwa umekingwa. Naamini hatari ni ndogo sana. Kwa sababu hiyo hiyo ya kuamini, sioni ubaya wa kujenga maabara ya kupokelea yenye ulinzi wa kiwango cha juu kabisa, na gharama yake ihesabiwe tangu mwanzo badala ya kuongezwa baadaye.

China nayo imeingia katika hesabu hizi. Baada ya kurudisha gramu 1,731 kutoka Mwezini mwaka 2020 kwa Chang'e-5, na gramu 1,935.3 kutoka upande wa nyuma wa Mwezi mwaka 2024 kwa Chang'e-6, nchi hiyo imepanga kurusha Tianwen-3 mwaka 2028 na kurudisha angalau gramu 500 za Mirihi karibu mwaka 2031. Mpango wake ni mwepesi zaidi: kutua mahali pamoja, kuchimba hadi mita mbili, kuchota udongo, na kutumia chombo kidogo cha kuruka kuokota mawe ya jirani. Wapo wanaotaka Marekani iharakishe kwa hofu ya kupitwa, na hoja hiyo hainivutii hata kidogo, kwa kuwa jiwe halibadiliki kulingana na bendera. Kinachonihusu ni kwamba kipimo cha China cha mita mbili kinalijibu pingamizi la mionzi, huku mirija ya Jezero ikiwa na kile ambacho Tianwen-3 haitakuwa nacho, yaani miaka mitano ya kuchagua kwa makini katika sakafu ya volkeno, delta, bonde la mto na kingo za kreta. Kazi hizo mbili zinakamilishana.

Na wale wanaosema tusubiri watu waende wenyewe, kisha wairudishe mirija hiyo kama mizigo ya kawaida? Nafasi nzuri ya kusafiri kwenda Mirihi hupatikana kila baada ya miezi 26, na hadi sasa hakuna chombo cha kubeba watu kilichowahi kujaribiwa kwenye uso ule. Zaidi ya hayo, binadamu haendi mahali bila vijiumbe vyake. Siku mtu atakapotua Mirihi, kila dalili ya uhai itakayopatikana baadaye itazua swali kama si yeye aliyeileta. Mawe yaliyofungwa kabla ya siku hiyo ndiyo yatakayokuwa na ushahidi safi, na kwa hiyo mpango wa kupeleka watu, kama utatimia, ni sababu ya kuharakisha kuyafuata badala ya kusubiri.

Kwa kupima yote hayo, naona Bunge la Marekani lilikuwa na haki ya kuukataa mpango wa dola bilioni 11, na litakuwa limekosea iwapo litaishia hapo. Kupunguza idadi ya mirija hakutapunguza gharama kwa kiasi kile kile, kwa kuwa fedha nyingi huliwa na kutua, kurusha roketi na kuufunga mzigo kwa usalama. Lakini kunaweza kuruhusu roketi ndogo zaidi na chombo cha kutua cha aina iliyokwisha kujaribiwa. Mirija kumi iliachwa chini mahali paitwapo Three Forks kati ya Desemba 2022 na Januari 2023 kama akiba, iwapo kigari kingeharibika. Akiba hiyo ina miamba ya volkeno ya sakafu, kwa hiyo swali la umri linaweza kujibiwa kutoka hapo hata kigari kikifa. Haina Sapphire Canyon, ambayo ilikatwa mwaka mmoja na nusu baadaye na bado imebebwa tumboni. Perseverance kimeshatembea karibu kilomita 40, kimepanda nje ya Jezero na kinaendelea kuelekea magharibi, kwenye ardhi ambayo si kila sehemu yake chombo kingine kinaweza kutua. Kabla ya mabishano ya bajeti ijayo, NASA inapaswa kutangaza uwanda mmoja tambarare ambako kigari kitaiweka mirija iliyobaki, Sapphire Canyon ikiwa ya kwanza, wakati magurudumu na mkono wake bado vinafanya kazi.